Safari ya Siku Moja Katika Nchi ya Moto na Mvuke

Watoto wengi wamesoma katika vitabu ya kwamba chini ya ardhi tunayoikanyaga mna joto kuu. Wengine husadiki, wengine hucheka. Mimi sikutaka wanafunzi wangu wasadiki kwa kusikia tu, kwani wahenga walisema, Tembea uone. Basi siku moja niliwachukua wanafunzi sita, nikawapeleka Naivasha, katika nchi ya Kenya. Tulipatana na kiongozi mmoja, mtu wa makamo, Mmasai aliyezaliwa karibu na mahali pale, awe pamoja na sisi peke yetu siku nzima. Jambo tulilojifunza kwake ndilo nitakalo kuwaeleza katika somo hili.

Tuliondoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri kwa motokaa. Mwendo wa kwenda Naivasha wapata kilometa 90. Jua lilipochomoza tulikuwa ukingoni mwa Bonde la Ufa, tukashuka kutazama. Ardhi ilikuwa imekatika mbele ya miguu yetu, ikashuka mamia ya mita, na bonde limetandazwa huko chini mithili ya mkeka. Nikawaambia, "Hapa nchi inapasuka. Upande wa mashariki na upande wa magharibi zinaachana, milimeta chache tu kwa mwaka. Hata kucha za vidole vyenu hukua upesi kuliko hivyo. Lakini kazi hii imeendelea miaka mamilioni. Nanyi mwajua, kitu kikivutwa huku na huku, katikati huwa chembamba. Ndiyo sababu katika bonde hili joto la chini liko karibu na juu kuliko mahali pengine pengi."

Tuliposhuka bondeni tukauona mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776 juu ya bahari. Kilele chake hakina ncha. Kiko wazi kama mdomo wa chungu, na ndani ya shimo lile kubwa umeota msitu. Ni mlima wa moto, yaani volkano. Wazee wa Kimasai walisimulia ya kuwa uliwaka katika miaka ya 1860. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, je, sasa umekufa?" Nikamjibu, "La, haukufa. Mlima ulionyamaza muda huo ni kama mtu aliyelala. Kulala si kufa."

Yapata saa tatu tukafika langoni mwa hifadhi iitwayo Hell's Gate, maana yake Lango la Jahanamu, iliyotengwa na serikali mwaka 1984. Kiongozi wetu alikuwa akitungoja. Alitusalimu kwa adabu, kisha, kabla hatujapiga hatua, akasema, "Wanangu, leo nina amri moja tu. Nikisema twende, twende. Nikisema turudi, turudi kwanza, na maswali baadaye." Wote wakaitikia, "Ndiyo, Mzee." Kuitikia ni kwepesi.

Njia ilipita katikati ya magenge marefu mekundu, na tumbusi walikuwa wakizunguka juu yake. Pundamilia na swala walikuwa wakila majani bila kutujali. Tukafika penye nguzo moja ya mwamba, iliyosimama peke yake, kimo chake kama mita 25. Inaitwa kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883. Kiongozi akatufunulia asili yake. Zamani mawe yaliyoyeyuka kwa moto yalipanda katika tundu la ardhi, yakapoa humo, yakawa magumu. Kisha udongo na mawe laini ya kandokando yakaondolewa na maji na upepo, ikabaki ile nguzo ngumu. Pimbi walikuwa wakiota jua juu yake.

"Hivyo ndivyo wanavyosema wenye elimu," akasema. "Wazee wetu nao husimulia kwamba huyu ni binti wa mkuu, aliyekuwa akienda kuolewa. Alikatazwa asigeuke nyuma. Akageuka kuitazama nyumba ya baba yake, akawa jiwe." Wanafunzi wakatazamana, kwa kuwa wote walimkumbuka mke wa Lutu.

Katika mchanga wa njia tuliokota vipande vya jiwe jeusi, linalong'aa kama chupa, nalo ukingo wake hukata kama wembe. Hilo ni obsidiani, ambalo ni mawe ya moto yaliyopoa upesi mno. Watu wa kale kabla ya kujua chuma walilichonga wakapata visu. Tulipokwisha kuyatazama, kiongozi akatuamuru tuyarudishe mahali pake, wala asichukue mtu hata kipande kimoja.

Yapata saa sita tukafika mdomoni mwa korongo la Ol Njorowa. Hapa ndipo wanafunzi walipopatamani tangu asubuhi. Kuta zake ni za mwamba, zimekaribiana sana mahali pengine, nazo zimechongwa na maji kana kwamba fundi amezipiga randa. Hapo kale ziwa la Naivasha lilikuwa na kina kuliko sasa, na maji yake yalitokea huku, yakalikata korongo hili. Ndani yake ziko chemchemi za maji ya moto, nayo yaweza kumbabua mtu ngozi.

Jua lilikuwa kali. Chini ya korongo mlikuwa na mchanga mkavu na kijito chembamba kisichofika vifundo vya miguu. Tukaanza kushuka. Hata tulipokuwa tumekwenda hatua mia hivi, kiongozi akasimama, akainua uso wake, akautazama mwanya wa mbingu ulioonekana kati ya kuta. Kisha akapanda juu ya jiwe, akatazama upande wa milima tuliyoiacha nyuma. Mbali sana palikuwa na wingu moja jeusi, si kubwa. Akashuka akasema, "Turudi."

Mwanafunzi mmoja, mvulana mwenye akili na mwenye haraka, akanung'unika, "Mzee, mbona jua linawaka? Wingu lenyewe liko mbali, wala hapa halijadondoka hata tone." Nami nakiri, moyoni mwangu nilikuwa upande wa mvulana yule, kwa kuwa tulikuwa tumetoka mbali, na fedha zilikuwa zimekwisha kulipwa. Lakini kiongozi hakujibu. Alimshika mdogo kuliko wote mkono, akatangulia kupanda. Basi tukamfuata.

Tulipofika juu, mahali pa wazi, akatuketisha chini ya mti, akasema, "Sasa maswali." Mvulana akarudia maneno yake. Kiongozi akamwambia, "Mwanangu, mvua ya hapa si ya kuogopa, kwa maana utaiona. Ya kuogopa ni mvua ya kule. Mvua ikinyesha milimani, maji ya nchi pana yote hukimbilia mfereji huu mmoja. Mwamba haunywi maji, na kuta hazimpi mtu mahali pa kupanda. Maji huja kama ukuta, na jua lingali linawaka juu ya kichwa chako. Mwezi wa Aprili mwaka 2012, vijana wa kanisa walikuja kutembea kama ninyi; watu 7 walichukuliwa na maji humu wakafa. Mwaka 2019 maji yalikuja tena, yakaua tena, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo kiongozi, mtu wa kazi yangu hii."

Tukanyamaza sote. Mvulana akauliza kwa sauti ndogo, "Na kama leo maji hayaji, Mzee?"

Akajibu, "Nikirudi mara mia, na mara zote mia maji yasije, nimepoteza matembezi mia. Nikikosa kurudi mara moja tu, na mara hiyo maji yakaja, nitawaambia nini mama zenu?"

Hatukungoja kuona kama maji yatakuja. Tuliingia katika motokaa, tukaenda Olkaria, ambako tulikuwa tumekwisha kuomba ruhusa ya kuingia.

Olkaria ni karibu sana na korongo lile. Mbele yetu mawingu meupe ya mvuke yalikuwa yakitoka katika ardhi kwa mngurumo, na mabomba makubwa yamelala vilimani kama majoka. Hewa ilinuka kama mayai yaliyooza. Ni gesi ya kiberiti itokayo chini. Kiongozi akatuonya tusisimame penye mashimo wala mabonde madogo, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mahali pa chini, na ikiwa nyingi huua.

Hapo nikawapa wanafunzi somo nililokuwa nimeliweka akiba. Nikawauliza, "Mama akifunika sufuria na maji yanachemka, kifuniko hufanya nini?" Wakajibu, "Huruka-ruka." Nikasema, "Basi hii ndiyo sufuria kubwa. Mvua hunyesha, maji hupenya nyufa za miamba, hushuka mpaka karibu na mawe ya moto. Huku juu Naivasha maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, kwa sababu tuko juu sana. Lakini kule chini yamegandamizwa na uzito mkubwa, hata yaweza kupita digrii 200 yasigeuke mvuke. Watu wakichimba kisima cha kilometa mbili au tatu, ni kama kukifungua kifuniko. Maji hupanda kwa nguvu, hugeuka mvuke, na mvuke huzungusha gurudumu lenye mapanga. Gurudumu huzungusha mtambo, na mtambo hutoa umeme. Kisha maji yaliyopoa hurudishwa chini, yapate moto tena."

Msidhani ya kuwa kazi hii ilifanikiwa kwa siku moja. Visima vya kwanza vilichimbwa mwaka 1956, lakini mvuke haukutosha kufanyia kazi. Walioanza hawakukata tamaa. Kazi ikarudiwa baadaye, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa Olkaria ukatoa umeme, megawati 15. Muda wa miaka 25 ulikuwa umepita. Leo zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya hutoka katika mvuke wa ardhi, na sehemu kubwa yake hutoka hapa. Mtoto asomaye usiku mjini Nairobi huenda anasoma kwa mwanga wa volkano.

Kiongozi alikuwa amesikiliza kimya. Kisha akasema, "Yote uliyosema ni kweli, Mwalimu. Waambie na hili pia: mwaka 2014 baadhi ya jamaa za watu wetu walihamishwa katika makao yao ili mitambo ipate nafasi. Wanaowasha taa na wakumbuke." Nami nimelitia neno lake katika somo hili, kwa kuwa ni haki.

Jua lilipokuwa likishuka tukaagana naye. Yule mvulana alitoka katika kundi, akamwinamia kichwa kama watoto wa Kimasai wafanyavyo mbele ya wakubwa, na kiongozi akamwekea mkono juu ya utosi. Hawakusema neno. Tulipokuwa tukipanda ukingo wa bonde, gizani, mvulana akaniambia, "Mwalimu, mtumishi wa Eliya naye aliona wingu dogo tu."

Ninyi msomao, kumbukeni ya kwamba moto ule ule ulioivunja milima ndio uwashao taa, na maji yale yale yaliyolichonga korongo zuri ndiyo yaliyowaua watu ndani yake. Nguvu hizi hazina hasira wala hazina huruma. Ajuaye njia zake hufaidiwa. Adharauye dalili zake huangamia. Wahenga walisema, Dalili ya mvua ni mawingu. Aliyekutangulia kuliona wingu, mfuate, hata kama jua linawaka.

Maswali

1. Kwa nini joto la chini liko karibu na juu katika Bonde la Ufa?
2. Elezeni jinsi nguzo ya Fischer ilivyopatikana. Wazee wa Kimasai husimulia nini juu yake?
3. Kiongozi aliona nini korongoni? Kwa nini mvua ya mbali ni ya kuogopa kuliko mvua ya karibu?
4. Andikeni kwa taratibu safari ya tone la maji, tangu liliponyesha mpaka umeme ulipotokea.
5. Mwalimu alikuwa upande wa mvulana moyoni mwake, lakini alimfuata kiongozi. Je, alifanya vema? Toeni sababu.
6. Katika nchi ya kwenu, ni mahali gani pazuri penye hatari? Ni nani ajuaye dalili zake? Nendeni mkamwulize, mkayaandike majibu yake.