Baridi Inatoka Chini

Mdogo wangu wa Muyinga, barua yako nimeisoma mara mbili. Arusi ya kaka yako ni mwezi wa saba, shangazi watatu wanatoka Kigoma, na kitanda cha wageni ni kimoja. Dada yenu aliyeko Ubelgiji kawaletea magodoro mawili ya upepo, mkayajaribu usiku mmoja, na aliyelala juu yake akaamka mgongo unamuuma na meno yanagongana. Sasa unaniuliza kama ujaze upepo zaidi.

Usijaze. Tatizo lenu ni baridi inayotoka chini, na upepo zaidi hauiondoi.

Mimi niko Gitega, kwenye mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na nyinyi mko juu kuliko sisi. Kiangazi chetu unakijua: mchana jua kali, maharage yameanikwa uani, na usiku nyuzi zinashuka hadi 12 au chini yake. Niliwahi kulala kwenu usiku kama huo. Nilikuja kwa basi kupitia Karuzi, nimechoka, nikatandikiwa godoro la upepo juu ya saruji tupu, shuka moja chini na blanketi mbili juu. Saa tisa usiku nilikuwa macho, nyonga baridi kama jiwe, na zile blanketi mbili hazinisaidii kitu. Sikumwamsha mwenyeji wangu, nikaona aibu. Wageni wako nao wataona aibu kukuambia, ndiyo maana nataka ulishughulikie mapema.

Godoro la sponji lina vitundu vidogo visivyohesabika, na kila kitundu kimeshika hewa yake hapo hapo. Hewa hiyo haitembei, kwa hiyo joto la mwili wako linabaki karibu nawe. Godoro la upepo ni chumba kimoja kikubwa. Ukijigeuza tu, hewa uliyoipasha moto inachanganyika na ile iliyokaa juu ya saruji, na mwili unaanza kazi upya. Basi blanketi moja iondoe juu ya mgeni, uilaze chini yake. Ikunje mara mbili, iwe kati ya godoro na shuka. Kama una kipande cha sponji chembamba, hata cha godoro kuukuu, hicho ni bora zaidi, maana blanketi ikilaliwa inabonyea na joto lake linapungua. Na chini kabisa, kati ya godoro na sakafu, tandika mkeka. Kile kirago cha bibi mlichokiegemeza ukutani kirudishwe kazini. Kinazuia baridi ya saruji, kinapunguza ule mlio wa plastiki kila mtu anapogeuka, na kinalinda godoro na vijiwe. Ila fagia kwanza, ukipapasa kwa kiganja.

Tuje kwenye upepo wenyewe. Godoro jipya hutanuka siku za mwanzo, kwa hiyo lijaze siku mbili kabla wageni hawajafika, liache, kisha liongeze. Likilegea alfajiri usikimbilie kusema limetoboka. Hewa ikipoa hujikusanya: ikitoka nyuzi 25 za mchana ikafika 12 za usiku, inapungua kama asilimia 4, na godoro linanywea hata kama ni zima kabisa. Kwa hiyo malizia kujaza usiku, chumba kikiwa kimeshapoa, mgeni akikaribia kulala. Tumia pampu, si mdomo, maana pumzi ina unyevu unaobaki ndani na kuleta uvundo. Kama pampu yenu ni ya umeme, fanya kazi hiyo umeme ukiwepo, usingoje giza likukute.

Kipimo chake ni mwili. Lala ubavu. Nyonga izame kidogo lakini isiguse sakafu. Likiwa gumu kama mpira, bega litauma. Likilegea, kiuno kitaning'inia. Shangazi mzito na shangazi mwembamba hawajaziwi sawa, na wewe unawajua.

Likitoboka kweli, paka maji ya sabuni uone povu linapotokea. Mimi nililipeleka la kwangu kwa fundi baiskeli, akaweka kiraka cha tyubu na gundi yake, vizuri tu, na usiku wa pili kikabanduka. Kosa halikuwa lake. Gundi ile ni ya mpira, na godoro hili ni plastiki. Tumia kiraka kilichokuja nalo, na kama tundu liko upande wenye manyoya laini, yakwangue manyoya kwanza hadi plastiki ionekane.

Kuna mambo matatu sitaki uyapuuze. La kwanza ni chandarua. Machi 2017 serikali yetu ilitangaza mlipuko wa malaria nchini, na mnajua kwamba mbu hawajahama. Godoro la upepo lina kingo za mviringo na chandarua huteleza, kwa hiyo kichomekee chini ya mkeka, si chini ya godoro peke yake. La pili ni imbabura. Usimwingizie mgeni jiko la makaa chumbani apate joto, hata kwa nusu saa, hata akikuomba. Cheche moja itatoboa plastiki, lakini hilo ni dogo: moshi usioonekana wa makaa huua watu usingizini. Mpe soksi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri kwenye kitambaa, aiweke miguuni.

La tatu ni watoto wachanga. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani imeonya kwamba mtoto wa miezi 15 au chini ya hapo asilazwe kabisa kwenye godoro la upepo, kwa sababu uso wake unaweza kuzama kwenye plastiki au kubanwa kati ya godoro na ukuta, akakosa hewa. Kama kuna mjomba atakayekuja na mkewe anayenyonyesha, huyo mama mpe chumba chenye kitanda.

Na shangazi mkubwa, yule unayesema anaumwa magoti? Kulala kwenye godoro la upepo ataweza, shida ni kuinuka saa kumi na moja kwa ajili ya swala ya alfajiri. Yeye naye apewe kitanda, alale na mama huyo kama kinawatosha. Kama hakiwatoshi, godoro lake lisukume kwenye kona ya chumba lisiteleze, na weka kiti imara kando yake, upande wa mkono wake wenye nguvu.