Kufanikiwa au Kufanikishwa? Methali za Ufanisi katika Mazingira ya Modogashe

Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya anapotakiwa kuandika insha kuhusu siri ya kufanikiwa maishani, methali tatu huwa tayari kinywani mwake kabla hajashika kalamu: Mchumia juani hulia kivulini, Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Akiba haiozi. Mwalimu huridhika, naye mwanafunzi hupata alama zake. Methali hizi zinakubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba ufanisi ni zao la mtu mmoja: jasho lake, uvumilivu wake na mali aliyojiwekea. Makala haya yanakusudia kuchunguza iwapo fundisho hilo linatosha. Uchunguzi wenyewe unafanywa kwa kuzipeleka methali hizo Modogashe, mji ulioko mpakani mwa Garissa na Isiolo, panapokutana njia za kuelekea Habaswein na Wajir, ambako Wasomali na Waborana hugawana malisho, maji na soko.

Kabla ya safari hiyo, kitenzi chenyewe kinastahili kutazamwa. Kufanikiwa kimebeba kiambishi cha kutendwa. Asili yake ni fanikia, kitenzi ambacho kiima chake huwa jambo, wala si mtu: biashara ilimfanikia Juma, safari haikuwafanikia. Matumizi hayo yamefifia katika Kiswahili cha leo, lakini umbo limebaki. Kisarufi, anayefanikiwa ni yule ambaye jambo limemwendea vyema. Kufaulu na kushinda havina kiambishi hicho, na yamkini si sadfa kwamba ndivyo vinavyotajwa zaidi panapozungumzwa mitihani na michezo. Ni kweli kwamba sarufi haithibitishi falsafa, na ingekuwa hatari kuijenga dhana nzima ya maisha juu ya kiambishi kimoja. Hata hivyo, umbo hilo linazua swali ambalo insha za shuleni hazijiulizi: jambo linapomfanikia mtu, ni nani na nini kimelifanikisha?

Tuanze na mchumia juani. Methali hii ina harufu ya shamba: mtu analima, anapalilia, anavuna, kisha anapumzika. Modogashe jua si kipindi cha kazi kinachofuatwa na kivuli. Mchungaji huchuma juani akala papo hapo juani, na huenda jua lilelile likamnyang'anya alichochuma. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika maeneo kame ya Kenya, na mifugo iliyokufa ilihesabiwa kwa mamilioni. Miongoni mwa waliofilisika walikuwamo wavivu na wachapakazi, wabadhirifu na wenye kuweka. Akiba ya mchungaji ina kwato. Inakula, inakunywa, na yote mawili yakikosekana inaoza kwa maana halisi ya neno hilo. Methali ya akiba ikisomwa mbele ya mizoga iliyotapakaa kandokando ya barabara, inakaribia kuwa dhihaka.

Je, anayeinuka tena huinuka kwa nini? Hapa ndipo palipo na utajiri wa somo hili. Wasomali wana desturi iitwayo irmaansi: mwenye mifugo humkabidhi jamaa aliyepungukiwa ngamia au ng'ombe wa kukamwa. Maziwa huwa ya aliyepewa, mnyama hubaki wa mwenyewe. Wana pia qaaraan, yaani mchango unaokusanywa kwa ndugu na ukoo kwa ajili ya aliyepatwa na msiba, ugonjwa au hasara. Waborana wana busa gonofa, utaratibu ambao kwao aliyepoteza mifugo hupewa mingine na wenzake ili aanze upya. Sadaka na mkopo wa benki havilingani na desturi hizi. Mtu hupewa kwa sababu anajulikana: alipokuwa nacho alitoa, alipoahidi alitimiza, alipochunga mnyama wa mwenzake hakumuuza kwa siri. Methali zinazomfaa mtu huyo ni Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki na Ahadi ni deni, ambazo kwa kawaida walimu huziweka chini ya mada za urafiki na uaminifu. Haziwekwi chini ya mada ya ufanisi. Upangaji huo wa mada, unaoonekana kuwa jambo dogo la vitabu vya kiada, ndio unaomfundisha mwanafunzi kwamba utajiri ni suala la misuli na wema ni suala jingine.

Modogashe yenyewe imetoa ushahidi ulio mzito zaidi. Baada ya miaka ya mapigano ya kugombea malisho na visima, viongozi na wazee wa Kaskazini Mashariki na wilaya jirani waliafikiana mwaka 2001 juu ya kanuni zilizokuja kujulikana kama Azimio la Modogashe. Azimio hilo, lililopitiwa upya mwaka 2005, liligusa ruhusa ya kulisha katika ardhi ya wenzio, urejeshaji wa mifugo iliyoibwa, silaha haramu na fidia ya damu. Kwa desturi ya Kisomali fidia hiyo ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, nayo hulipwa na jamaa wote wa muuaji. Wataalamu wa sheria wamelilaumu azimio kwa kupishana na sheria za nchi, na mizani hiyo ya ngamia 50 haihitaji mtaalamu ili idhihirike kuwa haina usawa. Aidha, mapigano hayakukoma moja kwa moja. Pamoja na dosari hizo, azimio lilitambua jambo ambalo insha haijalitambua: mchungaji hodari kuliko wote hawezi kufanikiwa ikiwa jirani yake amemfungia kisima.

Ukifuata barabara ya kaskazini kutoka Modogashe hadi Wajir, unafika alikozaliwa Dekha Ibrahim Abdi mwaka 1964. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo zilipokuwa zikipigana, yeye na wanawake wenzake walianzia pahali padogo: sokoni. Walihakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote anaweza kununua na kuuza bila kubughudhiwa. Kutoka hapo walifika kwa wazee, na mwaka 1993 likapatikana Azimio la Al Fatah lililotuliza vita hivyo. Mwaka 2007 alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood, na mwaka 2011 akafariki kutokana na ajali ya barabarani. Wasifu wake unaweza kuandikwa kama kisa cha mwanamke shupavu aliyeinama akapata cha mvunguni. Ushupavu alikuwa nao. Lakini alichokifanya kwa ushupavu huo ni kuwawezesha muuza maziwa na mnunuzi wake kuaminiana tena, na bila wenzake wa sokoni asingekuwa na la kumwambia mzee yeyote.

Mvungu wenyewe unapatikana Nairobi, mwisho wa barabara itokayo Garissa. Katika mtaa wa Eastleigh, nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge iligeuka soko mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakimbizi wa Kisomali walipoanza kuuzia bidhaa katika vyumba walimolala. Biashara iliyokua hapo, hadi kuwa maduka makubwa ya ghorofa, ilitegemea sana mali iliyotolewa kwa kuaminiana na fedha zilizochangwa na jamaa. Wanawake waliendesha ayuuto, mchezo wa zamu ambao Watanzania huuita upatu.

Hoja hii isieleweke kwamba bidii ni bure. Asiyeamka kunywesha ngamia hakopeshwi ngamia. Isitoshe, aliye na ndugu maskini watupu hana wa kumchangia, na mgeni asiye na ukoo hubaki nje ya duara. Huo ni upungufu ambao methali za ujamaa huuficha kama vile methali za jasho zinavyouficha ukame. Juhudi haiondoi kudura, wasema wahenga, ila kudura nyingine hutengenezwa na watu. Mapema mwaka 2020, baada ya walimu kuuawa katika mashambulizi ya kigaidi, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Madarasa yalibaki na wanafunzi, madawati na ubao. Katika shule kadhaa waliojitokeza kufundisha walikuwa vijana wenyeji waliomaliza kidato cha nne, wakilipwa kidogo kutokana na michango ya wazazi. Mtahiniwa aliyefundishwa kwa mchango huo huketi siku ileile na mtahiniwa wa Nairobi, akaletewa karatasi ileile, na huenda akaambiwa aandike kisa kinachothibitisha ukweli wa methali Mchumia juani hulia kivulini. Akiandika kuhusu ngamia wa kukopeshwa na mwalimu wa kuchangiwa, msahihishaji atalazimika kuamua iwapo amejibu swali.