Dondoo muhimu: Kusikiliza unaporekodi kwa ADAT

Kampuni ya Alesis ilipoingiza sokoni rekoda yake ya ADAT mwanzoni mwa miaka ya 1990, studio ndogo ziliweza kurekodi njia 8 za kidijitali kwenye kanda ya S-VHS. Fundi aliyezoea mashine za analogia alilazimika kubadili tabia kadhaa.

Ya kwanza ni kiwango. Analogia husamehe: sindano ikipanda kidogo kwenye nyekundu, kanda hulainisha sauti. Dijitali haina huruma. Sufuri ya mita ndiyo dari, na kinachoizidi hukatwa na kukwaruza. Kwenye ADAT, kiwango cha kawaida cha studio kimewekwa desibeli 15 chini ya dari hiyo. Mwimbaji apewe nafasi, maana kwenye kiitikio hupaza sauti kuliko alivyojaribu.

Kisha kuna AUTO INPUT, kitufe kinachowachanganya wengi. Kikiwashwa, njia iliyotayarishwa kurekodiwa husikika kutoka kwenye kanda wakati wa kucheza. Kurekodi kukianza tu, inayosikika ni sauti inayoingia. Kwa hiyo mpiga gitaa husikia upigaji wake wa zamani hadi mahali pa kurekebisha. Kikizimwa, husikia sauti inayoingia tu. Kitufe cha ALL INPUT hugeuza njia zote 8 zitoe sauti inayoingia, jambo linalofaa kupimia viwango. Kikisahaulika kikiwa kimewashwa, kanda huonekana tupu na watu hupagawa bure.

Na wakati wa kurekodi hedfoni hazithibitishi kilichoandikwa kwenye kanda. Irudishwe nyuma na isikilizwe kabla wanamuziki hawajafungasha vyombo.