Mwani Kwenye Tangi la Samaki: Mafunzo Niliyopata Eldoret

Nafuga samaki wadogo na mimea ya majini kwenye tangi la kioo, hapa Eldoret. Mtu akinijia na kilio cha mwani, kwanza hutaka dawa ya kuuua. Mimi humuuliza: taa yako huwaka kwa muda gani kila siku, na samaki unawalisha mara ngapi?

1. Utando wa kahawia usikunyime usingizi. Ni diatomu, na tangi jipya halizikosi. Pangusa kioo kwa kitambaa safi. Mimea ikishashika mizizi, hupungua zenyewe.

2. Jua letu ni kali. Tuko karibu na ikweta, na mwanga wa asubuhi ukipiga tangi moja kwa moja, kioo hugeuka kijani. Liweke mbali na dirisha, na taa iwake saa 6 hadi 8 tu kwa siku. Mkulima wa mahindi wa Uasin Gishu anajua kwamba mbolea hulisha magugu pia. Ndani ya tangi, mbolea ni kinyesi cha samaki, chakula kilichobaki na majani yaliyooza. Kwa hiyo najaza mimea inayokua haraka tangu mwanzo, kama valisneria na seratofilamu, ikinyonye chakula hicho kabla ya mwani.

3. Maji yakiwa ya kijani hadi samaki hawaonekani, kuyabadilisha pekee hakusaidii, kwa maana chembe zinazobaki huzaana upya. Zima taa, funika tangi kwa blanketi siku 3 au 4, na pampu ya hewa isizimwe. Kisha badilisha nusu ya maji, chembe zilizokufa zisiozee humo.

Halafu pima amonia, maana mara nyingi ndiyo chanzo. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya kichujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo mimea huila. Ukiosha sponji hiyo bombani, klorini itawaua. Mimi huikamua ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lenyewe. Tope la kahawia likishatoka mara mbili tatu, naacha. Haifai kuitakatisha. Maji mapya nayo hulala kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke.

4. Utando wa kijani cha buluu, unaoteleza, unaobanduka kwa mapande na kunuka, si mwani wa kweli. Ni sianobakteria, jamii ile ile inayotapakaa Ghuba ya Winam, Kisumu, ikilishwa na mbolea za mashambani na maji taka. Uvute kwa mpira, punguza chakula, na uelekeze mkondo wa maji kwenye pembe zilizotulia.

5. Umeme ukipotea, usingoje. Mji huu uko takriban mita 2,100 juu ya bahari. Kwa joto lile lile, maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Pampu ya betri iwe tayari.

6. Maji ya zamani hunyweshea sukuma wiki vizuri sana. Mimea niliyopunguza naianika ikauke kabisa, wala siitupi mtaroni. Mto Sosiani unapita katikati ya mji, maji yake hufika Nzoia, na Nzoia huingia Ziwa Victoria, ambako wavuvi wanasumbuliwa na gugumaji hadi leo. Kipande kidogo cha mmea wa kigeni kinatosha kuota upya huko.