Mtoto Anapotishia Wenzake: Mafunzo Niliyopata Nikilea Vijana Keko

Kikundi chetu cha vijana hukutana jioni, jirani na karakana za mafundi seremala. Anayeijua Keko, jijini Dar es Salaam, anapata picha: vitanda, makabati na sofa vimepangwa hadi kando ya barabara, vumbi la mbao halitulii, na watoto wanakua katikati ya misumari, randa na misumeno. Hapo ndipo mvulana wa miaka 13 alipochukua patasi mezani kwa fundi, akamwelekezea mwenzake na kusema, "Ukirudia tena nakuchoma. Nitakusubiri ukitoka shule."

Hakuna aliyeumia. Naandika kwa ridhaa ya bibi yake, na jina silitaji, kwa sababu najua walezi wengi wa timu za mpira, madrasa na vikundi vya makanisani watakutana na jambo kama hili. Nililojifunza ni hili: tishio la mtoto lishughulikiwe kwa uzito wote, na mtoto mwenyewe asitupwe. Mambo haya mawili yaende pamoja.

1. Punguza watazamaji kabla ya kuzungumza

Mtoto aliyetishia mbele za wenzake huona aibu kurudi nyuma. Mlezi mwenzangu aliwaondoa watoto wengine wote. Mimi nikabaki hatua kadhaa mbele yake, mikono ikionekana, sauti chini. Sikumrukia kumnyang'anya. Nilimwambia, "Iweke hapo mezani mwanangu, halafu tukae tuongee." Kisha nikanyamaza. Kwa muda aliishikilia, macho yakiwafuata wenzake. Walipopotea nyuma ya rundo la mbao, vidole vyake vililegea, akaiweka. Tangu hapo hatuanzi kukutana kama hakuna watu wazima wawili: mmoja wa kubaki na aliyekasirika, mwingine wa kuwatunza waliobaki.

2. Pima uzito wa maneno

Mtaani kwetu "nitakuua" hutamkwa hata kwa kugombea mpira. Huwezi kumpeleka kila mtoto kwa mwenyekiti wa mtaa. Lakini yapo maswali ya kujiuliza. Amemtaja mtu? Ametaja mahali au muda? Ana kifaa, au anajua pa kukipata? Amewahi kutishia au kuumiza? Kuna mkubwa anayemtuma? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, usilichukulie kama hasira za kupita. Mvulana wetu alimtaja mtu, alitaja mahali, na patasi ilikuwa mkononi.

3. Aliyetishwa ndiye wa kwanza kulindwa

Ni rahisi watu wazima wote kumzunguka mwenye fujo, huku aliyetishwa amekaa pembeni peke yake. Jioni ileile tulimsindikiza mtoto yule hadi kwao, tukawaeleza wazazi wake maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, bila kupunguza wala kuongeza chumvi. Tulikubaliana nani atamchukua shuleni siku zinazofuata. Hatukuwalazimisha watoto hao wawili kushikana mikono. Mtoto mwenye hofu akiambiwa "mpe mkono mwenzako yaishe", anajifunza kwamba hofu yake haina uzito kwetu. Upatanisho ulikuja baadaye, yeye mwenyewe alipokuwa tayari.

4. Fimbo haimfundishi mtoto kuacha ubabe

Wapo waliotaka achapwe palepale ili iwe fundisho. Tulikataa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana nchini Tanzania walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Kama kipigo kingetosha kuleta adabu, mitaa yetu ingekuwa imetulia zamani. Mtoto anayepigwa na mwenye nguvu kuliko yeye hujifunza kutafuta aliye dhaifu kuliko yeye.

5. Nenda nyumbani, na uende kusikiliza

Nilikwenda kwao na mama mmoja mtu mzima anayeheshimika pale mtaani. Tulimwamkia bibi, tukakaa mkekani, na hatukuanza na mashtaka. Tulimuuliza hali ya mjukuu wake. Ndipo akatueleza kwamba baba wa mtoto alikuwa mahabusu katika Gereza la Keko, kesi ikiendelea, na watoto wenzake walikuwa wakimtania kila anapopita. Siku ya tukio alitaniwa tena. Hilo halikuhalalisha patasi. Lakini lilituonyesha kwamba tuna kazi mbili: kumfunza yeye kuzuia hasira, na kuwakomesha waliokuwa wakimdhihaki. Waliotania nao waliitwa pamoja na wazazi wao.

6. Andika, kisha washirikishe wanaohusika

Siku ileile niliandika daftarini nini kilisemwa, nani alikuwepo na tulichukua hatua gani. Tulimweleza mwenyekiti wa serikali ya mtaa, naye akatuunganisha na afisa ustawi wa jamii. Kuna pia Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116, isiyo na malipo. Kukiwa na silaha ambayo mtoto hataki kuiachia, majeruhi, au mtu mzima anayemtuma, usisubiri kikao: piga simu polisi. Kumshirikisha polisi si kumtakia mtoto mabaya. Hata mbele ya polisi anabaki mtoto: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai.

7. Mpe masharti, usimfukuze

Wazazi kadhaa walitaka aondolewe kabisa, na hofu yao ilikuwa ya haki. Dar es Salaam haijasahau hofu ya magenge ya vijana yaliyoitwa Panya Road ya Januari 2015, wala mashambulizi ya Septemba 2022, yaliyofanywa na makundi ya vijana wenye mapanga. Mvulana tunayemfukuza leo ataondoka kikundini, lakini mtaani atabaki, na huko wapo wanaomtaka kwa sababu hiyohiyo tuliyomfukuzia. Tulimsimamisha kwa muda. Aliporejea, masharti yalitajwa mbele ya bibi yake: hagusi kifaa cha fundi, hakai karibu na mwenzake aliyetishwa mpaka huyo aridhie, na kila wiki anazungumza na mlezi mmoja aliyemchagua mwenyewe. Akivunja, tunarudi kwa afisa ustawi. Aliyatimiza, polepole, na siku nyingine kwa shida.

8. Utaratibu uwepo kabla ya tukio

Sasa mafundi wanafungia vifaa vyao kabla watoto hawajafika. Namba za simu zimebandikwa ukutani, na kila mlezi mpya anaelezwa nani afanye nini. Kila kikundi cha watoto kinaweza kufanya haya bila mfadhili: daftari, walezi wawili, namba za simu, na wazazi wanaojua utaratibu. Kaeni mkubaliane wiki hii, kwa sababu mtoto akishachukua patasi, hakuna tena nafasi ya kuulizana.