Mtoto wa Dada Yako Si Mfanyakazi wa Bure

Wadogo zangu wa Kamina, leo yaya wenu ana neno, na baadhi yenu mtaninunia. Nuneni, ila msikilize.

Kiangazi kikiingia, vumbi la mji wetu halina adabu. Umefagia asubuhi, kabla ya saa sita meza inaandikika kwa kidole. Wewe unawahi sokoni, mtoto yuko mgongoni, nyumba inakushinda. Hapo ndipo unapomkumbuka dada yako kule Bukama, kando ya Lualaba, anayekausha samaki na kulea watoto sita. Binti yake ana miaka kumi na miwili. Nimlete kwa treni, anisaidie kidogo, nami nitamsomesha. Sisemi una roho mbaya, mama. Wengi wamewaza hivyo, na siku walipompokea mtoto stesheni nia yao ilikuwa safi kabisa.

Hiyo ahadi ya shule huzama kwenye maji. Kisima kiko mbali, na nyumba yenye watoto hunywa bidoni baada ya bidoni. Binti anaamka gizani kuchota, anarudi anakuta vyombo vya jana, kisha sakafu, kisha nepi. Wenzake wanapita barabarani na madaftari, yeye kapiga magoti na kitambaa. Wiki ya kwanza unasema ataanza Jumatatu. Mwezi wa tatu husemi tena, na yeye kaacha kuuliza. Kule mtoni mama yake anawatambia majirani kwamba mwanawe anasoma mjini. Ahadi ni deni, mdogo wangu, na wewe unalala nalo kila usiku.

Najua utanijibu: "Yaya, huyu si mtumishi, ni mwanangu." Haya. Mbona basi wanao wana viatu vya shule naye hana? Mbona pesa ikipotea kabatini anapekuliwa yeye kwanza? Undugu ni kufaana. Na usiniambie habari ya ada: tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali ni bure. Daftari na sare zitakugharimu, ndiyo, lakini hata yeye anakugharamia kwa mgongo wake. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 nayo inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 16.

Kazi ya nyumba ni kazi. Ikikulemea, tafuta mwanamke mzima, aje hata mara mbili kwa wiki, umlipe. Mficha uchi hazai: mwambie uwezo wako waziwazi. Mpitishe vyumbani kabla hajashika ndoo. Kufua kumo au hakumo? Maji anachota nani? Hilo la maji usiliruke, maana ndilo nusu ya kazi yote, na ndilo linalozaa ugomvi. Mkubaliane pia kama ni faranga au dola, kwa sababu dola ikipanda utajifanya ulisema faranga. Mshahara wa shemeji ukichelewa, mwambie mapema, usimfungie mlango ukajifanya hupo. Ana watoto kama wewe.

Na tafadhali, javeli! Nawaona mnavyomimina javeli na ile dawa kali ya choo kwa pamoja, eti uchafu utoke haraka. Vikikutana vinatoa hewa ya sumu inayobana kifua, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kuua. Moja tu kwa wakati, mlango wazi, maji mengi kabla ya kutumia nyingine. Wala usiihifadhi kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma harufu. Anayekusafishia mwelekeze haya kwa upole, usimwachie ajifunze kwa kukohoa.

Sasa huyo binti aliye kwako leo. Usimrudishe Bukama kwa hasira kwa sababu yaya kakusema. Atadhani kakosea yeye. Jioni mwite akae, mpe chakula sahani moja na wanao, umuulize alifika darasa la ngapi. Huenda akanyamaza kwanza, ameshazoea. Mngoje. Kesho yake uongozane naye hadi kwa mwalimu mkuu, na bidoni asubuhi hiyo uzichote mwenyewe.