"Gari limechoka": nimjibu nini mtoto?

*Mwanangu ana miaka sita, yuko PP2 (chekechea). Kutwa anasukuma gari la mkebe sakafuni. Nikimwuliza mbona linasimama, anasema limechoka. Mimi sikusoma fizikia. Nimsaidieje? – Mama, Baba Dogo*

Mama, jibu hilo ni la kawaida kwa umri wake, na ni zuri: mtoto ameona jambo akalitafutia sababu. Hata mwanafalsafa wa kale Aristotle aliamini kitu kisiposukumwa husimama chenyewe. Ni wanasayansi Galileo na Newton, katika karne ya 17, waliosahihisha wazo hilo. Gari husimama kwa sababu kuna kinacholizuia, yaani msuguano.

Usimpe neno hilo kwanza. Egemeza ubao juu ya vitabu viwili, gari lishuke lenyewe hadi kwenye simiti. Kabla ya kuliachia, aweke kizibo cha soda pale anapodhani litafika. Kisha tandaza blanketi, mrudie. Litasimama karibu zaidi, naye atataka kujua kwa nini. Hapo asugue viganja vyake kwa nguvu, ahisi joto na ukinzani. Sasa neno "msuguano" litamwingia. Akikosea kukisia, usimkemee.

Chezeeni ndani au uani, si kando ya barabara ya malori ya viwandani.

Kutojua fizikia si tatizo. Ila mtoto akiwa anajikwaa mno, hasikii vizuri au hafuati maagizo mepesi, zungumza na mwalimu wake na umpeleke kliniki apimwe macho na masikio mapema.